YAH: KUFUNGA MUHULA, HESABU ZA SEHEMU NA MCHANGO WA CHAKULA

Ndugu wazazi na walezi,

Shule inafungwa Ijumaa. Ripoti mje kuzichukua wenyewe, msitume watoto.

Nianze na jema. Mliokuja kikao cha Jumamosi mlimwona yule binti wa Darasa la Tano mbele ya mizani. Alipewa sukari robo tatu kilo, akaulizwa itatoa vifungu vingapi vya nusu robo. Akaandika ubaoni 3/4 ÷ 1/8, akaipindua ile ya pili na kuzidisha: 3/4 × 8/1 = 24/4, yaani 6. Kisha akapima mbele yenu. Vikatoka sita, haikubaki hata chembe. Mama mmoja mwenye genge alipiga kigelegele, na mimi nusura nimfuate.

Choo cha wavulana kimekamilika.

Sasa lililoniudhi. Kazi za nyumbani zinarudi na mwandiko wa watu wazima. Katika daftari moja nimekuta 1/2 + 1/3 = 2/5. Mzazi mwenzangu, nusu umeiongezea theluthi, halafu ikapungua? Asili, zile namba za chini, hazijumlishwi! Tafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili, ambayo ni 6. Nusu inakuwa 3/6, theluthi 2/6. Jumlisha viasi, zile namba za juu, asili iache ilivyo: 5/6. Kutoa ni vivyo hivyo. Kuzidisha ndiko hakutaki KDS: kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Mtoto alikuwa anajua. Nilipomuuliza akainama, akasema, "Baba kasema mwalimu ndiye kakosea." Mwacheni akosee mwenyewe. Kosa lake nalisahihisha kwa dakika mbili. La baba yake linanimalizia muhula.

Tena kuna gulio. Kila Jumatano madawati yanabaki wazi, watoto wako sokoni na ndoo za nyanya. Siku moja katika tano ni humusi ya masomo ya wiki, na somo la KDS lilifundishwa Jumatano.

Mchango wa chakula mliupitisha ninyi kikaoni, si mimi. Nusu ya wazazi wamemaliza, theluthi wanalipa kidogo kidogo. Waliobaki hawajatoa hata senti, na ni sehemu gani ya wazazi wote, wapige hesabu kwa kanuni ya hapo juu. Watoto wao wamekunywa uji uleule, sikumtoa hata mmoja kwenye foleni. Lakini mahindi ya mwezi uliopita tumekopa, na mwenye duka ananisubiri getini kila jioni. Kabla ya kufungua muhula, kila ambaye hajalipa afike ofisini kwangu, mwenye fedha na asiye nazo.

Tarehe ya kufungua imo kwenye ripoti.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu Mkuu