Anga la kusini ni letu, lifundishwe

Bwana Mhariri,

Ukurasa wenu wa sayansi juma lililopita ulieleza jinsi ya kutambua kaskazini kwa Nyota ya Kaskazini. Wasomaji wa hapa Lubumbashi wasihangaike kuitafuta. Tuko karibu digrii 12 kusini mwa ikweta, na kwetu nyota hiyo haichomozi hata siku moja. Lakini ndiyo iliyomo katika vitabu vya shule, na ndiyo watoto wanayoulizwa.

Anga letu lina mengi. Mwezi wa kwanza, mvua ikishaosha vumbi, tokeni nje saa tatu usiku wakati hakuna mbalamwezi. Umeme ukiwa umekatika, afadhali zaidi. Tazameni kusini. Tafuteni Kanopi, nyota ya pili kwa kung'aa usiku, kisha mshushe macho kidogo upande wa kulia. Kuna kiwingu cheupe ambacho upepo haukisukumi. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota ulio nje ya wetu, umbali wa miaka ya nuru kama 160,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Panapong'aa zaidi ni fimbo nene ya nyota iliyolala katikati, na mkono mmoja tu umejikunja kutoka hapo. Mwenye darubini ndogo ya mkononi ataona pia doa la ukungu pembeni: ni Nebula ya Tarantula, ambamo nyota zinazaliwa. Mtu wa Paris haoni chochote kati ya hivyo akiwa kwao.

Kinachoniuma ni mwaka 1987. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari iligunduliwa nyota iliyolipuka ndani ya galaksi hii. Tangu 1604 watu hawakuwa wameona mlipuko wa nyota wenye mwanga mkali kiasi hicho angani. Kule Las Campanas, kituo cha kutazama nyota nchini Chile, mwanaastronomia Ian Shelton aliikuta kwenye picha aliyopiga. Oscar Duhalde, mwendesha darubini wa palepale, alikuwa ameshaiona usiku uleule kwa macho matupu, alipotoka nje na kuinua kichwa. Alilijua wingu lile, akaona ndani yake nyota ambayo haikuwapo.

Ilizidi kung'aa hadi mwezi wa tano, na kwetu mvua zilikuwa zimekwisha. Jioni, giza likiingia tu, ilikuwa pale kusini, juu kidogo ya mapaa ya mtaa wetu wa Katuba. Mimi nilikuwa sekondari, nikikariri Nyota ya Kaskazini kwa ajili ya mtihani. Hakuna mtu mzima aliyetuambia tugeuke.

Ombi langu, Bwana Mhariri: chapisheni kila mwezi ramani ndogo ya anga linavyoonekana kutoka Lubumbashi, kusini kukiwa mbele ya msomaji, na saa za hapa. Robo ya ukurasa inatosha. Niko tayari kuichora bila malipo, na ya mwezi ujao nimeiambatanisha na barua hii.

Mwalimu wa jiografia,
Katuba, Lubumbashi