Mhariri, siyo kila kuganda ni mtandao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo linawala watu hela huku mitaani na sioni likiandikwa. Mimi nina steshenari hapa Morogoro, kazi zangu ndo hizi za kila siku, kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti, na kubwa zaidi kuwajazia watu fomu za mtandaoni, mikopo ya chuo, ajira, namba ya mlipakodi, vyeti vya kuzaliwa. Neno ninalolisikia kwa wateja kuliko yote ni "mtandao uko chini". Brauza, yaani programu ya kufungulia kurasa kama Chrome, ikichelewa ni mtandao, ikiganda ni mtandao, ikijifunga yenyewe katikati ya fomu bado ni mtandao tu. Mtu anaenda kuongeza bando, hali ileile, kesho anapeleka laptopu kwa fundi anapigiwa Windows upya na hela analipa, haupiti muda mrefu mambo yanarudi palepale.

Mimi nasema wazi, mara nyingi mtandao unasingiziwa. Zipo siku una kosa kweli, mfano Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, lakini siku zile hata simu zilikuwa zinasuasua, ukihama chombo shida unahama nayo, na hiyo ndo tofauti yenyewe. Kama simu inayokurushia intaneti inafungua ukurasa vizuri halafu laptopu iliyopo pembeni yake inahangaika na ukurasa huohuo, basi shida imo ndani ya laptopu, bando la GB ngapi sijui halitasaidia kitu.

Na ndani ya laptopu cha kwanza kuangalia ni RAM, yaani ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inawekea vitu inavyovifanyia kazi. Laptopu nyingi tunazotumia ni za mtumba zilizotoka Ulaya, Dubai, Marekani huko, EliteBook, Latitude, ThinkPad, na ni mashine ngumu kweli nazipenda, lakini nyingi zinakuja na RAM ya GB 4 na diski ile ya zamani inayozunguka. Windows peke yake inakaa kwenye sehemu kubwa ya hizo GB 4 kabla hata hujagusa kitu. Halafu unafungua brauza. Chrome tangu inatoka mwaka 2008 ilijengwa kwa kuzitenganisha kurasa, yaani zinajiendesha pembeni kama programu mbalimbali, na sababu yake ni nzuri tu, ukurasa mmoja ukifa usiue na nyingine, siku hizi Firefox na Edge nazo zinafanya hivyo. Ila gharama yake inalipwa na RAM. Sasa mteja kafungua WhatsApp, kafungua imeili, kafungua mfumo wa maombi, pembeni YouTube inapiga mziki, na kurasa nyingine za tangu asubuhi hajazifunga, RAM inajaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ile inayozunguka ni ya polepole mno ukiilinganisha na RAM. Hapo ndo unaona mshale wa mausi unatembea lakini ukibonyeza hakuna kinachoitika, taa ndogo ya diski inawaka bila kupumzika, mwisho ukurasa unakufa au brauza nzima inaondoka.

Kuna kitu kingine mafundi wetu wanafanya na wanisamehe nikikisema hadharani. Wengine wana flashi moja ya zamani yenye Windows ya biti 32, ile aina ya zamani kabla ya biti 64, wanaipiga kwenye kila mashine inayokuja. Windows hiyo kwa hizi laptopu zetu haivuki RAM ya GB 4, na hata hizo hazitumii zote, kwa hiyo mtu anaenda kununua RAM ya pili, anaichomeka, anaona hakuna mabadiliko anasema kaibiwa dukani. Hajaibiwa dukani, RAM ipo ila Windows haiitumii. Ukipeleka mashine kwa fundi muulize kabla hajaanza anakupigia biti ngapi, 32 au 64, ni haki yako kuuliza.

Wasomaji wenu waambieni kitu kidogo hiki ambacho hakiuzwi. Ukiwa kwenye Chrome ya kompyuta bonyeza Shift na Esc kwa pamoja, inakuja orodha ya kila ukurasa na kila kiendelezi, yaani kile kiprogramu kidogo kinachobandikwa kwenye brauza, na kiasi cha RAM kinachotumia, unaona kabisa anayekula, unamchagua unamfunga. Firefox unaandika about:processes pale juu panapoandikwa anwani, inakuja orodha kama hiyo. Wateja wakiona ile orodha wanashangaa, unakuta kiendelezi cha kudaunlodi video, kingine cha VPN, kingine cha kutafuta kuponi za maduka ambayo hata huku hayapo, vyote viko kazini muda wote na mwenye laptopu hakumbuki aliviweka lini. Vingi vimeingia pale mtu alipokuwa anatafuta muvi au programu ya bure akabonyeza kubali, kubali, kubali. Toa vyote usivyovijua. Kwenye mipangilio ya Chrome kuna sehemu ya kuokoa kumbukumbu ambayo inazilaza kurasa usizozitazama, iwashe. Na kama brauza inakufa hasa ukifungua video au skrini inakuwa nyeusi ghafla, angalia kwenye mipangilio hiyohiyo sehemu ya kutumia kadi ya picha kuharakisha kazi, izime uone, kwenye hizi mashine za zamani draiva za picha, yaani programu zinazoiendesha hiyo kadi, huwa zinasumbua sana.

Kuna ushauri unaozunguka sana kwamba ukiona brauza nzito futa kashe. Sikubaliani nao kama dawa ya kila siku. Ile kashe ni picha na vitu vya kurasa ulivyokwisha kuvishusha, ukivifuta brauza inabidi ivishushe upya kwa bando lako mwenyewe, yaani unalipia mara mbili na siku ya kwanza itakuwa nzito zaidi. Futa pale ukurasa mmoja unapogoma kufunguka sawasawa au unaonyesha vitu vya zamani, basi, usifute kila jioni.

Halafu hizi Windows za zamani. Bado napokea laptopu zenye Windows 7 wakati Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020, na Chrome toleo la mwisho kwa Windows 7 ni la 109, kuanzia la 110 la Februari 2023 lazima uwe na Windows 10 kwenda juu. Firefox ndo walibakiza toleo lao la 115 kwa ajili ya hao. Mtu anasema brauza yake mbovu kumbe imeachwa nyuma, kurasa mpya zimeandikwa kwa vitu ambavyo brauza yake haivijui, unaona vitufe havibonyezeki au ukurasa unabaki mweupe. Na sasa hata Windows 10 huduma yake ya kawaida imeisha Oktoba 2025, na Windows 11 inakataa rasmi laptopu nyingi za mtumba kwa sababu ya prosesa na ile chipu ya usalama ya TPM. Kwa hiyo tunaokaa kwenye hizi mashine bado tutakuwa wengi, na hili ndo linanifikisha kwa watu ambao hasa nataka barua hii iwafikie.

Ni hao wanaotengeneza tovuti na mifumo ya maombi, ya serikali, ya vyuo, ya mabenki, ya kampuni binafsi, wote. Kuna mradi unaitwa HTTP Archive unapima uzito wa kurasa tangu 2010, wakati ule ukurasa wa kawaida kwenye kompyuta ulikuwa chini ya KB 500, siku hizi umepita MB 2. Nyie mnatengenezea kwenye kompyuta za RAM GB 16 na intaneti ya faiba ofisini, inafunguka fasta mnapeana mikono. Tovuti inafunguka na picha kubwa za mgeni rasmi zinazopishana zenyewe pale juu, kila moja imewekwa kama ilivyotoka kwenye kamera, na mwombaji alichofuata ni kiungo kimoja tu cha kujaza fomu. Naomba kila ofisi inunue laptopu moja ya mtumba ya GB 4, fomu isiende hewani mpaka ijazwe kwenye hiyo mashine mwanzo hadi mwisho.

Na fomu ijihifadhi. Hili ndo linaniuma kuliko yote. Dirisha la maombi linakaribia kufungwa, binti katoka kijijini na nauli ya kurudi tu mkononi, tumejaza kurasa za wazazi, shule, mdhamini, viambatanisho, brauza inakufa, tukirudi fomu nyeupe, anza moja. Nimeona watu wazima wanalengwalengwa na machozi pale kwangu, na mtu akiambiwa arudi kesho ni nauli nyingine ambayo hana. Brauza zina uwezo wa kutunza rasimu ndani ya kompyuta yenyewe miaka mingi sasa, na mfumo nao unaweza kupokea kila ukurasa unapokamilika ili mtu akirudi aendelee alipoishia. Ila kwa mashine zetu za mtaani, ambazo leo anakaa huyu kesho yule, naomba hiyo ya pili, taarifa zikae kwenye akaunti ya mwombaji mwenyewe zisibaki kwenye kompyuta yangu. Ifanyike hivyo kwenye kila fomu inayoamua mtu asome au asisome, aajiriwe au asiajiriwe.

Nanyi gazeti letu nina ombi. Anzeni kakona kadogo ka mambo haya ya kompyuta, hata robo ukurasa kwa wiki, muandikie watu wa GB 4. Na kwenye tovuti yenu kuna ile video inayojicheza yenyewe pale pembeni hata mtu hajaibonyeza, inakula RAM na inakula bando la msomaji aliyekuja kusoma habari moja. Matangazo nayaelewa, gazeti lazima liishi. Video hiyo naomba isubiri kubonyezwa.

Msomaji wenu, mwenye steshenari,
Morogoro