Kokoto za kando ya lami zifagiliwe kabla hazijaangusha wengine

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hatari ambayo mwenye gari huipita bila hata kuihisi, ilhali anayeendesha baiskeli huikuta karibu kila kona: kokoto na changarawe zilizotapakaa juu ya lami bila kushikamana nayo. Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Mamboleo, Kisumu. Nyingi kati ya baiskeli ninazoletewa zikiwa na usukani uliopinda na pedali iliyokwaruzwa upande mmoja hazikugongwa na gari lolote. Ziliteleza, na mwenyewe akaanguka peke yake, kwa hiyo ajali yenyewe haikuandikwa popote.

Nchini mwetu tunaendesha kushoto, na mwendesha baiskeli, kwa kuwa ndiye mwenye mwendo mdogo, hutarajiwa akae kushoto kabisa. Huko huko ndiko kokoto hukusanyika, kwa sababu tairi za magari zinapopita katikati husukuma kila jiwe dogo hadi pembeni, ambako hakuna gari la kuliondoa tena. Dereva anayempigia honi mtu wa baiskeli aliyesogea ndani kidogo ya barabara angeelewa sababu iwapo angeshuka na kuutazama ukingo wenyewe.

Kokoto hizi zina asili yake. Nyingine huanguka kutoka kwenye malori yanayobeba mawe ya ujenzi bila kufunikwa turubai. Nyingine huachwa na matengenezo: barabara hupuliziwa lami ya moto, ikamwagiwa kokoto ndogo na kushindiliwa, lakini si kokoto zote hushika, na zile zisizoshika zisipofagiliwa hubaki zikirushwa na magari huku na huku. Mashimo nayo mara nyingi hujazwa udongo na mawe matupu ambayo baada ya mvua chache yamekwisha kutoka shimoni na kutapakaa juu ya lami iliyokuwa nzuri.

Chanzo kinachotusumbua zaidi upande huu wa nchi ni makutano ya barabara za vumbi na za lami. Barabara ya kutoka Kakamega, ikishapita Kiboswa, huteremka vilima vya Nyang'ori hadi Mamboleo, na njia nyingi za vumbi huingia humo zikitokea juu. Mvua inaponyesha, maji huteremsha changarawe na kuitandaza kwenye lami pale ambapo mteremko na kona hukutana. Kesho yake jua huwaka, lami hukauka, changarawe hubaki, na mtu anayeshuka na mzigo wa ndizi au mitungi ya maziwa nyuma yake huiona akiwa tayari amekwisha kuifikia. Tairi lake halishiki lami tena. Limekanyaga vitu vinavyobingirika, kama mtu akimbiaye juu ya mahindi makavu yaliyomwagika kwenye sakafu ya saruji.

Wateja wangu wengi huniambia kwamba walianguka walipofunga breki. Hawakosei. Mtu akishtuka hukamata breki zote mbili kwa nguvu na kukata kona papo hapo, na hayo ndiyo mambo mawili ambayo changarawe haivumilii. Gurudumu la nyuma likiteleza, mtu bado ana nafasi ya kujisawazisha. La mbele likiteleza, huwa amekwisha kuwa chini. Kwa hiyo mwendo upunguzwe kabla ya kuingia kwenye kokoto, na ukishaingia, uache breki ya mbele, na ikibidi utumie ya nyuma kwa upole. Baiskeli ielekezwe mbele moja kwa moja bila kuilaza upande, uzito urudishwe nyuma kidogo, na mikono ishike usukani bila kuukaza, maana gurudumu la mbele litayumba kidogo na lina uwezo wa kujinyoosha lenyewe lisipolazimishwa. Anayetaka kuikwepa changarawe kwa kuingia ndani ya barabara na atazame nyuma kwanza na kunyoosha mkono mapema, kwa sababu kuchepuka ghafla mbele ya matatu ni hatari kubwa kuliko kokoto zenyewe.

Tairi nalo lina sehemu yake. Zile baiskeli nzito tunazoziita Black Mamba huvaa tairi la inchi 28 kwa moja na nusu, jembamba kuliko lile la baiskeli za gia, na wenye mizigo hulijaza upepo hadi likawa gumu kama chuma. Tairi gumu kupita kiasi hudundadunda juu ya mawe badala ya kuyakumbatia. Hata hivyo, simshauri mtu aliyebeba gunia apunguze upepo ovyo, kwani tairi legevu lenye mzigo hubana mpira wa ndani na kuharibu rimu. Afadhali apunguze mzigo, aufunge chini iwezekanavyo na kuugawa sawasawa pande zote mbili za keria, na abadilishe tairi ambalo meno yake yamekwisha. Aliyeanguka asipuuze michubuko: kidonda kioshwe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka hadi punje zote zitoke, kisha aende zahanati akaulizie sindano ya pepopunda.

Lakini ustadi wa mwendeshaji hauwezi kuwa jibu la barabara isiyofagiliwa. Nimewaona mama wauza samaki, wanafunzi na wazee wakianguka mahali ambapo hata mwendeshaji hodari angeanguka. Eneo hili linaijua baiskeli tangu zamani. Bodaboda zenyewe zilianzia mpakani Busia katika miaka ya 1960 zikiwa baiskeli za kuvusha abiria na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Inasikitisha kwamba pikipiki zilipochukua jina hilo, wengi walidhani kuwa baiskeli imekwisha barabarani, ilhali kila alfajiri kwenye barabara ya kuelekea soko la Kibuye utaikuta imebeba riziki ya jamaa nzima.

Tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, barabara kuu, za mijini na za mashambani zimegawiwa mamlaka tatu tofauti, na Katiba ya mwaka 2010 ikazipa kaunti barabara zake. Mgawanyo huo una maana yake, lakini kwenye makutano barabara ya vumbi huwa ya mmoja na ya lami ya mwingine, na changarawe inayovuka mpaka huo yaweza kukosa mwenyewe. Naomba wahusika wakubaliane kwamba anayeitunza lami ndiye anayeifagia, bila kujali changarawe imetoka wapi. Zaidi ya hapo, kila barabara ya vumbi inayoingia kwenye lami iwekewe lami mita kadhaa kwa ndani, ili tairi za magari ziangushe changarawe huko kabla hazijafika barabara kuu, na kalvati zizibuliwe ili maji yapite chini badala ya juu. Mikataba ya matengenezo nayo iseme wazi kwamba kazi haijakamilika hadi kokoto zilizobaki ziondolewe, na kwamba muda wote zikiwapo, kibao cha onyo kiwekwe mbali vya kutosha kwa mtu anayeshuka mlima.

Kufagia hakuhitaji mitambo. Vijana wachache wenye mafagio, majembe, toroli na fulana za kung'aa, pamoja na mtu mmoja wa kuelekeza magari, wanaweza kusafisha makutano kwa muda mfupi. Ningependa kazi hiyo ianzie kwenye mteremko wa Kiboswa hadi Mamboleo kabla ya mvua za masika kuanza mwezi Machi, na irudiwe kila baada ya mvua kubwa hadi msimu uishe.

Fundi wa baiskeli,
Mamboleo, Kisumu