Kwa vijana wa jumuiya mlioshika mshahara wa kwanza

Tumsifu Yesu Kristo, wanangu.

Kwaresima inabisha hodi. Wengine mtaacha soda, wengine nyama, na wawili watatu wenye moyo wa moto mtataka kugawa kila mlicho nacho. Kabla hamjagawa, nisikilizeni.

Kinachoufunga moyo si lazima kiwe kikubwa. Yohane Kasiano, aliyeishi na wamonaki, yaani watawa wa jangwani, wa Misri mwishoni mwa karne ya 4, alieleza habari za watu walioacha mashamba na dhahabu bila kugeuka nyuma, kisha huko jangwani wakawaka hasira kwa ajili ya kisu, sindano au kalamu. Moyo ulihama tu, ukatoka shambani ukaenda kukaa kwenye kalamu.

Kwa hiyo wiki mbili hizi zilizobaki kabla ya Jumatano ya Majivu msiache kitu. Kila usiku kaa na daftari dakika kumi, uandike: leo nimelinda nini kisiguswe, neno gani limenichoma, nimeogopa kukosa nini. Andika na saa. Evagrius wa Ponto, aliyefariki Misri mwaka 399, aliwafundisha wamonaki kuangalia vivyo hivyo: wazo gani linakuja, lina nguvu kiasi gani, linapoa lini, lipi linalifuata. Wazo kuja, alisema, haliko mikononi mwetu. Likae au lisikae, hilo ni letu. Basi usijihukumu kwa kila wivu unaopita kichwani. Bwana mwenyewe alimlilia Lazaro. Hatukuitwa kuwa mawe.

Mtashangaa saa zitakavyojirudia daftarini. Uchovu wa roho, Evagrius aliuwekea saa kabisa: saa nne hadi saa nane, kwa hesabu ile ile yetu ya kuanzia macheo. Jua halisogei, mmonaki anachungulia dirishani. Ninyi mnachungulia simu. Jipimie kazi, usinyanyuke mpaka kipimo kiishe.

Kwaresima ikianza, chukua kitu kimoja kidogo kilichojirudia daftarini, ukiazimishe siku 7. Tuseme ni viatu vyeupe vya Jumapili. Ukimwona mdogo wako anavipitisha kwenye tope na roho ikakuuma, usimfokee, wala usijifanye huumii. Jiambie kimoyomoyo, "Kumbe nimefungwa hapa," sali zaburi moja, endelea na shughuli zako. Vikirudi na madoa, visugue mwenyewe bila kumtaka maelezo.

Kwenye fedha ndipo wengi huharibu, kwa kukosea mpangilio. Siku ya mshahara, kabla hujapita dukani, anza na deni. Ukitoa sadaka fedha ya anayekudai, umetoa mali ya mtu. Pili, wanaokutegemea. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Hata Antoni Abati, mmonaki yule wa Misri, alipouza urithi wake, alimbakizia dada yake kidogo kwanza. Na alipokitoa hicho nacho, alimkabidhi binti huyo kwa mabikira waaminifu wamlee. Hakumwacha njiani. Kijana anayegawa mshahara wote tarehe moja, kisha tarehe kumi anakula kwa mama yake mjane, amemtoa mama yake sadaka. Tatu ndiyo sadaka yenyewe, na asiijue mtu.

Akiba si dhambi. Ila sikiliza inavyokusemesha usiku. Kupenda fedha, kwa maelezo ya Evagrius, hukuonyesha uzee mrefu, mikono isiyoweza tena kazi, njaa, magonjwa, na aibu ya kusaidiwa na watu. Ukisikia sauti hiyo, mwezi huo ongeza sadaka, hata kwa elfu mbili.

Limebaki la hasira, na hili naliogopa kuliko yote, maana mfungo huwafanya wengi wakali nyumbani, wakadhani ukali ndio utakatifu. Ukiwa na huzuni usiyoijua chanzo, rudi nyuma kwenye daftari: mara nyingi utakuta umenyimwa kitu ulichokitamani, au ulikasirika jana yake. Kama kuna mtu una kinyongo naye, sala peke yake isikutosheleze. Yakobo alimtuliza ndugu yake Esau kwa zawadi, Esau akiwa anamjia na watu 400. Evagrius akaongeza kwamba sisi maskini tufidie kwa meza. Mwite aje mle. Ugali na dagaa vinatosha. Mnawishe wewe mwenyewe, mwekee kipande kikubwa, na lile kosa usilitaje mpaka atakapoaga.

Babu yenu wa jumuiya