Kabla hujaomba shahada ya uzamili

Mwanakwerekwe, Unguja

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku sote wazima, alhamdulillah, joto tu ndilo linalotutoa roho. Barua yako imefika, na watoto walitaka niwasomee kwa sauti wajue shangazi wa Pemba kaandika nini. Hongera kwa kukabidhiwa idara. Na pole pia, kwa sababu ukuu wa idara hapa kwetu ni kupanga ratiba, kumtafuta mwalimu aliyepotea na kutia saini. Posho yake bora usiulize.

Umetaka rai yangu kuhusu kuomba kufungua shahada ya uzamili ya uchumi hapo ulipo. Rai yangu ni kwamba usianzie huko. Najua utanuna, lakini nisikilize. Kabla hujaandika mstari mmoja wa ombi hilo, kaa na wakuu wenzako wa idara, wa vyuo vyote vya visiwani, mjue nani ana mwalimu gani.

Hebu tazama. SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, wako Tunguu, na Zanzibar University wako hapo hapo Tunguu. Al-Sumait wako Chukwani. Chwaka kulikuwa na ZIFA, chuo cha mambo ya fedha, kabla hakijaunganishwa na SUZA. Halafu nyinyi huko. Sensa ya 2022 imetuhesabu hatufiki milioni mbili Unguja na Pemba, na bado kila mmoja anataka mwalimu wake wa ekonometriki, yaani takwimu za uchumi, wake wa fedha za umma, wake wa biashara ya kimataifa. Walimu wenyewe wako wapi? Akipatikana mwenye uzamivu hakai. Leo wizara inamwita, kesho benki, keshokutwa mradi. Kuna chuo nakijua, jina nalificha, somo la ekonometriki muhula mzima lilikuwa mikononi mwa mwalimu wa kuazima aliyekuja Jumamosi moja moja, akamaliza sura za mwanzo akaaga. Mtihani ukatoka sura zote. Tunachimba kila mtu kisima chake uani, na hakuna kilichofika maji.

Wenzetu walilishughulikia jambo hili zamani. AERC ya Nairobi, ile jumuiya ya utafiti wa uchumi barani Afrika, ilianzishwa 1988, wakati ambapo vyuo vingi vilikuwa hoi: mishahara imeliwa na mfumuko wa bei, walimu wanahama, na sera za kurekebisha uchumi zinakuja zimeshaandikwa na wageni. Mwaka 1993 wakaanzisha shahada ya uzamili ya pamoja. Tazama walivyogawana kazi. Maikro (uchumi wa kaya na kampuni), makro (uchumi wa nchi nzima) na mbinu za hesabu mwanafunzi anasoma chuoni kwao. Masomo ya hiari, ambayo chuo kimoja peke yake hakiwezi kuyapatia walimu, wanakwenda kuyasoma Nairobi kwa miezi michache, Mtanzania na Mganda, Muethiopia na Mghana darasa moja, kwa walimu waliochaguliwa kutoka vyuo mbalimbali. Kisha kila mmoja anarudi kwao kuandika tasnifu, na cheti kinatolewa na chuo chake. Hakuna chuo kilichopoteza jina. Uzamivu wa pamoja ulifuata 2002, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vinavyoutoa.

Watu wakiisifu AERC husifu lile darasa la Nairobi. Mimi nasifu kikao cha wakuu wa idara. Fikiria ugumu wake: mkuu wa idara akubali mtaala wake upitiwe na wengine, mtihani wake usomwe na mtahini wa nje, na alama alizotoa zihojiwe. Kwetu hapa ukimwambia mtu nionyeshe mtihani wako wa mwaka jana anadhani unamtafutia kesi. Na usiniambie hayo ni mambo ya Wakenya. Marehemu Profesa Benno Ndulu alikuwa mwalimu wa Dar es Salaam, akaiongoza AERC, na baadaye akawa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 2008 hadi 2018.

Hata Uingereza, wenye idara kubwa na fedha, wakuu wa idara za uchumi wana chombo chao, wenyewe hukiita CHUDE, na kule Bristol upo mtandao unaosaidia ufundishaji wa uchumi vyuoni, pamoja na kuwafunza vijana wanaoingia darasani kufundisha kwa mara ya kwanza. Kwetu kijana anapewa chaki na orodha ya majina, basi.

Sasa njoo kwenye karafuu, maana najua moyo wako uko huko. Wewe umejiona mnyonge katika barua yako, kana kwamba utakuja Unguja kuomba. Huombi, shoga. Karafuu nyingi za nchi hii ziko kwenu, na mwani mwingi pia. Wanafunzi wangu nikiwauliza kuhusu monopsoni, soko la wauzaji wengi na mnunuzi mmoja, wanatazama dari. Wengine baba zao wanaanika karafuu na kuipeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kila msimu! Kitabu kimewapa mfano wa mji wa machimbo huko Ulaya, basi wakadhani jambo lenyewe liko Ulaya. Kwenye karafuu peke yake kuna muhula mzima: serikali iliposema 2011 kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, magendo ya Mombasa yaliathirika vipi? Mkulima anaithibitishaje hiyo 80? Na mkarafuu unaochukua miaka kuanza kuzaa unaitikiaje bei ya leo? Mwani nao, uliolimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja tangu 1989: aina ya kotonii ina bei nzuri lakini maji yakipata joto inakufa, aina ya spinosamu inavumilia lakini bei yake duni, na wanaobeba hasara hiyo wengi ni wanawake. Mimi nina mtu wa takwimu na sina shamba la kumpeleka. Wewe una shamba, huna mtu wa takwimu.

Na data zipo. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali imefanya utafiti wa mapato na matumizi ya kaya 2004/05, 2009/10, 2014/15 na 2019/20. Lakini kila mwanafunzi anakwenda peke yake na barua yake, anaambiwa rudi wiki ijayo. Barua moja iliyotiwa saini na wakuu wote wa idara ingesikilizwa vingine.

Ushirikiano huu utakapovunjika ni kwenye ada, nikwambie mapema. Vyuo binafsi vinaishi kwa ada, na mwanafunzi wako akisoma somo kwangu, mhasibu wako na wangu watagombana nani alipwe. Kwa hiyo tuanzie pasipo fedha. Tubadilishane watahini. Tuwe na semina ya utafiti, moja huku moja huko, tuige ile desturi ya AERC: unaleta pendekezo, unachambuliwa bila huruma, unarudi na kazi iliyofikia njiani, unachambuliwa tena. Baadaye ndipo ekonometriki ya pamoja, mihadhara kwa intaneti na mwalimu avuke kwa boti wiki ya mazoezi ya kompyuta. Kwa hilo la mwisho TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, lazima wajue mapema, wanafunzi wasije wakanyimwa alama zao. Na yote yaandikwe, kwa sababu ukuu wa idara ni wa kupokezana, na anayekuja hufuta ya aliyeondoka ili aonekane.

Wafadhili tusiwangoje. Wakija, karibu. Wakiondoka, semina haihitaji zaidi ya ukumbi, chai na nauli ya boti.

Kwa hiyo nitumie orodha ya masomo yenu, uweke alama yale yasiyo na mwalimu. Uwe mkweli, hata ikiwa nusu. Mimi nitazungumza na wakuu wawili wa Tunguu, mmoja ninamwamini, wa pili ni mbishi lakini akikubali huwa anatenda. Tukutane baada ya mitihani. Ombi lako la uzamili usilichane, tutalipeleka likiwa na majina ya walimu wa vyuo vyote.

Wasalimie mama na wadogo. Ukija niletee halua ya Wete. Karafuu usinibebee, nisije nikakufuata bandarini kukudhamini.

Mimi shogako