Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Datsun na Udongo wa Kwetu

Ndugu wanachama,

Kwenye meza ile ya dirishani ya chama chetu cha waundaji wa magari madogo ya plastiki mna Datsun tisa. Zote ni 240Z, zote nyekundu zenye boneti nyeusi, zote zina namba 11 ubavuni, na hakuna mbili zinazofanana. Katika mkutano mkuu uliopita mlinipa kazi ya kuwaunganisha wajenzi wa chama katika gari moja, badala ya kila mtu kujifungia na lake hadi siku ya maonyesho. Taarifa hii kwa sehemu kubwa ni habari ya Datsun hizo, kwa kuwa ndizo zilizoula mwaka wetu.

Gari lenyewe mnalijua. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, mkazi wa hapa hapa Kenya, alishinda mbio za magari za Safari na 240Z pamoja na msoma-ramani wake Hans Schüller. Nyuma yao akaingia Shekhar Mehta na 240Z nyingine. Miaka miwili baadaye Mehta akashinda mwenyewe, kisha akaja kushinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka ule wa 1971 Safari bado ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, usiku na mchana, katika barabara ambazo hazikufungwa kwa ajili yao, basi la abiria na kundi la ng'ombe wakiwa humo humo. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa boksi la vipande vya plastiki vya kuunda gari hilo kwa uwiano wa 1:24, yaani dogo mara 24 kuliko la kweli. Likikamilika lina urefu wa sentimita 17 hivi, unalibeba kwenye kiganja.

Nianze na rangi, maana ndiyo iliyotusumbua mwanzo. Nyekundu haifichi kitu. Ukiipuliza juu ya praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, ya kijivu inatoka nzito, imepooza. Ukiipuliza juu ya nyeupe inawaka kupita kiasi. Wajenzi watatu walijaribu praima ya waridi, yaani nyeupe iliyotiwa nyekundu kidogo, na magari yao ndiyo yaliyokaribia zaidi picha za zamani. Wengi wetu tulipuliza mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha kila jioni, na laka ikakaukia na ukungu mweupe juu yake. Tulilaumu rangi, tukalaumu kompresa, mashine ya kusukuma hewa ya kupulizia. Sababu ilikuwa hewa. Thina, ile ya kuzimulia rangi, inapoyeyuka haraka huupoza uso wa plastiki, unyevu unatua pale, na maji yanafungiwa ndani ya rangi. Tumia thina inayokauka polepole, piga tabaka nyepesi nyepesi, au ngoja jua. Mwenzetu wa Mombasa, ambako unyevu hauna msimu, alikuwa akipuliza saa saba mchana tu, na bodi yake ni laini kuliko zote zilizo mezani.

Bodi yangu ya kwanza niliiharibu. Nilichukua thina kali, ile wanayotumia wapiga rangi za magari makubwa, nikachanganya na kupuliza moja kwa moja juu ya plastiki bila praima. Thina ile ni ya bati. Polisitirini, plastiki ya boksi zetu, haiwezi kuistahimili, na asubuhi nikakuta paa lina nyufa nyembamba kama dimbwi lililokaukia juani. Nikasugua kwa msasa namba 400, nikajaza pati, nikasugua tena kwa 800 na 1500, lakini mistari ya milango ilikuwa imekwisha kufutika. Nayasema haya wazi kwa sababu wanachama wapya wameniuliza sana kuhusu thina, na jibu zuri nililo nalo ni bodi hiyo yenyewe. Ni ile ya kumi pale mezani, isiyo na magurudumu. Ishikeni, mpitishe ukucha juu ya paa.

Kuna hesabu moja nataka kila mjenzi aitembee nayo: zidisha kwa 24. Plastiki ya milimita moja kwenye kazi yetu ni milimita 24 kwenye gari la kweli, karibu inchi nzima. Hakuna gari duniani lenye vizuia-tope vya mpira vya unene huo nyuma ya magurudumu. Ndiyo sababu tulivikata upya kutoka kwenye glavu za jikoni, na mpira ule ukaning'inia wenyewe jinsi unavyopaswa. Mikanda ya viti tuliitengeneza kwa maski tepu iliyopakwa rangi, vifungo vyake kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa simu. Erio ya redio ilitoka kwenye fremu ya plastiki inayoshika vipande vya boksi lenyewe: unakata kipande, unakipasha juu ya mshumaa mpaka kilegee, unavuta mikono miwili kwa pumzi moja, unapata unywele wa plastiki. Vijana walifanya hivyo jioni nzima, na sikuwahi kuona chumba hiki kimetulia namna ile.

Stika za maji, zile za maandishi na namba zinazolowekwa kabla ya kubandikwa, nazo zina somo lake. Nyeupe ya stika ni nyembamba, na ikilala juu ya nyekundu inageuka waridi. Waliobandika moja kwa moja waliliona hilo wakiwa wamechelewa. Waliopaka kwanza nyeupe chini yake, kwa ukubwa ule ule hasa, walipata maandishi safi. Siki ya mezani iliyozimuliwa kwa maji inalainisha stika ikumbatie mikunjo ya bodi, lakini jaribuni kwanza stika msiyoihitaji.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike taarifa ndefu kuliko kawaida. Kufikia Julai tulikuwa na Datsun zilizong'aa, nzuri za kuwekwa kwenye kabati la kioo, na tukaanza kuzichafua. Kila mtu akachukua rangi ya kahawia, akapulizia mbele, akapulizia magurudumu, akatosheka. Agosti tulimwalika mzee mmoja aliyekuwa fundi wa gereji enzi hizo, ambaye alikuwa akitumwa kungojea magari ya Safari usiku, na tairi na mafuta, mahali ambapo hakuna hata taa ya kibatari. Tulitaka atusimulie tu. Mzee akavaa miwani, akainua gari moja baada ya jingine, akakaa kimya muda mrefu, halafu akatuambia kwa upole kwamba tumelipaka gari uchafu lakini halijasafiri.

Akatueleza. Gari linalokimbia halikutani na vumbi lake, linalikimbia. Hewa nyuma ya gari inavuta, vumbi linazunguka na kurudi kwenye mkia, na kwenye 240Z, ambayo mgongo wake unateremka hadi nyuma, kioo cha nyuma hugeuka ukuta wa udongo. Mbele kuna wadudu, michubuko ya changarawe, na tope la dimbwi lililorukia boneti mara moja. Tope la kila wakati linatupwa na magurudumu ya mbele kwenda ubavuni, sehemu ya chini ya milango, na linajikusanya nyuma ya tairi hadi linaanguka kwa uzito wake. Kioo cha mbele kina nusu duara mbili safi zilizopanguswa na waipa. Na kila kituo, vijana wa gereji walikuwa na kitambaa: walipangusa taa, wakapangusa vioo, wakapangusa na namba mlangoni isomeke. Kwa hiyo namba 11 haichafuki sawa na mlango. Inazungukwa na mkwaruzo wa kitambaa kilichopita haraka, na mkwaruzo huo unaelekea upande mmoja kwa sababu mpangusaji ana mkono mmoja wa kulia na haraka nyingi.

Wakati anatusomesha, mimi nilikuwa nikiangalia zile chupa za rangi ya kahawia. Zimechanganywa mbali sana na hapa, na watu ambao udongo wao ni mwingine. Sisi tunaishi juu ya udongo wenyewe. Mtu aliyewahi kusukuma gari Limuru baada ya mvua anaijua nyekundu ile inayoshika suruali isitoke. Aliyepita Voi anaijua nyekundu nyingine, yenye rangi ya machungwa ndani yake. Kule Athi na Kitengela kuna ule mweusi unaonata kama lami mvua ikinyesha na kupasuka vipande vipande kiangazi. Na tangu 2021, Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, dunia nzima imeliona vumbi la Naivasha, laini kama unga, la kijivu kilichofifia, linalomeza gari mpaka kwenye ekseli.

Tukaacha rangi za chupa, tukaenda kuchota. Utaratibu tulioufikia baada ya makosa mengi ni huu. Udongo unaanikwa juani, unakaangwa kwenye sufuria kuukuu ili kusiwe na mbegu wala ukungu, unatwangwa, kisha unachekechwa kwa soksi nyembamba ya kike. Hapa tena zidisha kwa 24: chembe ya milimita moja ni jiwe la kutosha kupasua kioo. Unaotakiwa ni ule unaobaki angani soksi ikitikiswa. Kwa tope, changanya na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na tone la sabuni ya vyombo. Kwa vumbi, brashi kavu, halafu vanishi isiyong'aa kutoka mbali. Vanishi inakoleza udongo na kumeza nusu ya vumbi lako, hivyo anza na rangi iliyofifia kuliko unayoitaka.

Datsun yetu ilitupa mtihani ambao gari jeupe lisingetupa. Udongo mwekundu juu ya gari jekundu hauonekani. Unaona gari limepoteza mng'ao tu, kama limeugua. Ilibidi wengine wautie majivu kidogo, wengine waanze na mweusi wa Athi chini na kupitisha mwekundu juu yake, kama gari lililovuka nchi mbili usiku mmoja. Boneti nyeusi, ambayo kwenye gari la kweli ilipakwa hivyo kuzuia jua lisimwakie dereva machoni, ndiyo inayosema ukweli wote wa vumbi. Mkitaka kujua mjenzi amefikiri kiasi gani, tazameni boneti yake kwanza.

Mzee alirudi Oktoba. Alichukua ile ya mwenzetu wa Voi, akaigeuza mkia, akaisogeza karibu na uso, na akataja barabara aliyodhani ilikuwa imepita. Aliitaja sawasawa. Mimi nimejenga magari kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kusikia sifa inayoizidi hiyo.

Mengine kwa kifupi. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na ni safi. Tulifanya maonyesho mawili. Kwenye la pili kioo cha pembeni cha gari moja kilivunjika mkononi mwa mtoto, na mwenye gari akamketisha mtoto huyo chini wakakibandika pamoja. Namshukuru kwa hilo, maana mtoto huyo sasa huja kila Jumamosi na mama yake. Boksi mbili tulizoagiza zilikawia sana njiani na moja ikafika kioo kimepasuka, tukakikata kipya kutoka plastiki ya kifungashio cha shati.

Kuhusu usalama sina mzaha. Kuna wanaotaka kutumia vanishi ya magari yenye hadna, yaani dawa ya kuigandisha, ndani ya chumba chetu cha pamoja. Hadna hiyo ina isosayaneti, ambayo inaweza kumtia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kamati imeipiga marufuku humu ndani, na nitausimamia uamuzi huo hata kama nitabaki peke yangu.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza Toyota Celica Twin Cam Turbo, gari lililoshinda Safari mara tatu mfululizo: Björn Waldegård 1984 na 1986, na katikati yao Juha Kankkunen 1985, aliyeshinda mara yake ya kwanza kabisa kuja. Boksi la gari la 1985 limetolewa na kampuni ya Beemax. Pia lipo pendekezo la mwanachama wetu kutoka Wamunyu, ambaye ameanza kuichonga Volvo PV544 ya Joginder Singh, ile ya ushindi wa 1965 na ndugu yake Jaswant, kwa mbao ya mjakaranda jinsi wazee wake wanavyochonga twiga. Paa na mabega ya gari tayari yametoka kwenye mti. Naomba mkutano umpitishie fedha za tairi na vioo, na yeye atufundishe kuchonga. Kama tukilazimika kuchagua kati ya hilo na kompresa ya pili, kura yangu ni kwa Volvo.

Mzee wetu amekubali kuwa mlezi wa chama, mkiridhia leo.

La mwisho ni ombi. Rafu ile tupu nyuma ya mlango tumeitenga kwa ajili ya udongo. Tunayo mikebe sita: Limuru, Voi, Athi, Naivasha, Murang'a na Kericho. Hatuna wa Turkana, hatuna wa Taveta, hatuna wa ng'ambo ya mpaka, wala wa Bukoba wala wa Mbale. Anayesafiri kwao sikukuu hii achote kopo moja, aandike mahali na kama ulichotwa mkavu au umelowa, aje nao Jumamosi ya kwanza ya Januari. Sufuria na soksi zitakuwepo.