Barua kwa mwanangu anayeingia zamu ya usiku ICU

Mwanangu Neema,

Tangu uliponipigia simu jana sijatulia kwa furaha. Kumbe wamekupeleka ICU, kwa wagonjwa mahututi, na wiki ijayo unaanza naiti! Kazi utafundishwa na wakubwa wako wa hapo. Mimi mama yako nina ombi moja tu: watunzie wagonjwa wako usingizi.

Nilipokuwa na umri wako, tulikuwa tunawaogesha wagonjwa kitandani saa kumi alfajiri ili wenzetu wa asubuhi wawakute wasafi, shuka zimenyooka. Nilijivunia sana. Tulikuwa na baba mmoja, mvuvi, ana nimonia kali. Usiku kucha tulimwamsha: huyu anapima presha, huyu anachoma sindano, huyu anatoa damu ya maabara, kila mtu na saa yake. Akipata lepe la usingizi saa tisa na nusu, mimi huyo na beseni. Usiku wa nne akaanza kuweweseka, anavuta nyavu ambazo hazipo, mara akang'oa dripu na mpira wa oksijeni. Tukamfunga mikono. Kwenye chati nikaandika "mgonjwa msumbufu". Homa ilichangia, sikatai, lakini msumbufu wa usiku ule nilikuwa mimi.

Usidanganyike na macho yaliyofumba. Mgonjwa aliyepewa midazolamu ametulizwa tu. Usingizi mzito wa kawaida haupati, na dawa hiyohiyo inaweza kumzidishia kuchanganyikiwa. Kabla ya kuomba aongezewe, muulize kama ana maumivu, tazama alivyolala, tazama mpira wa mkojo haujajikunja.

Mzunguko mmoja wa usingizi huchukua kama dakika 90. Basi ukishakabidhiwa zamu, kaa na chati zako upange: dawa, kumgeuza, kusafisha kinywa na kuchukua damu vifanyike kwa mkupuo mmoja, kisha umwachie nafasi. Zungumza na daktari mapema, vipimo vinavyoweza kungoja asubuhi vingoje. Ila yule ambaye hali yake inayumba, mpime kila saa kama ulivyoagizwa. Na kumgeuza asipate vidonda vya kulalia usiache hata siku moja.

Halafu kelele. Shirika la Afya Duniani tangu 1999 linashauri sauti wodini usiku isizidi wastani wa desibeli 30. Maongezi ya kawaida ya watu wawili yanafika 60! Ina maana sisi wenyewe, na soga zetu pale mezani, tunawakesha watu wanaopigania pumzi. Simu yako iwe ya mtetemo. Kengele ya monita usiizime kamwe. Ikilia ovyo, angalia kama waya umelegea, na viwango vyake vipangwe na daktari kulingana na mgonjwa huyo.

Taa ya juu zima ukimaliza, tumia ndogo ya pembeni. Asubuhi fungua mapazia, mwinue akae kama anaweza, mwili ujue kumekucha. Na ukimtajia saa, mwanangu, usimwambie "saa sita" ukaishia hapo. Amelala chumba kisicho na dirisha, atajuaje kama ni ya mchana au ya usiku? Mwambie: "Baba, ni saa sita usiku, nipo hapa, lala." Hata aliye kwenye mashine ya kupumulia mwambie.

Ile kanga yangu ya pamba, ya bluu, nimeikata. Nimeshona vitambaa sita vya kufunika macho, utavipokea stendi Ijumaa jioni. Muulize sista wako mkuu kwanza kama anaruhusu. Kila mgonjwa na chake, vifuliwe kwa maji ya moto. Asiyeweza kukivua mwenyewe usimvalishe, akizinduka gizani atatishika.

Kamba zake zimelegea kidogo, nimeogopa zisibane masikio.

Mama yako